Shingo ya Thuwaiba

Jumamosi iliyopita mlinikera. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki pembeni mwa ukumbi, kama mnavyonikuta kila wiki, nikawaona wawili wenu mkichezea chini. Mmoja alikuwa amemkaba mwenzake shingoni. Mwenzake akapiga mkono kwenye mkeka, yaani amekubali, aachiwe. Aliyekaba hakuachia. Alisubiri kwanza yule wa tatu amalize kupiga picha kwa simu. Mkacheka wote watatu, na hata aliyekabwa akacheka huku macho yamemwiva. Mimi nilijifunga mtandio wangu nikaondoka kabla ya muda, wengine mkadhani presha imepanda. Haikuwa presha. Nilifika nyumbani nikaona bora niwaandikie, maana nikikasirika mdomo wangu huwa hausemi la maana.

Wageni mliojiunga juzi hamnijui. Naitwa Somoe. Mnaniita Bibi, na mkitaka niwaombee ruhusa kwa mwalimu wenu mnaniita Bi Somoe kwa sauti nyororo. Nilicheza judo katika uzito mdogo kuliko wote wa wanawake, chini ya kilo arobaini na nane, tangu usichana wangu mpaka magoti yalipokataa. Najua hamwamini. Mjukuu wangu mwenyewe haamini, anasema kilo hizo sasa zinanitosha mguu mmoja. Lakini kulikuwa na wakati upepo wa feni ukinipiga vibaya nayumba.

Ninalotaka kuwaambia linahusu shingo ya rafiki yangu Thuwaiba na nafasi moja ya kusafiri. Thuwaiba yu hai, anakaa Upanga na wajukuu wake, na tunatembeleana siku za Idi na siku za misiba. Kabla ya kuandika nilimpigia simu kumwomba ruhusa. Akasema niandike, ila niandike yote, nisimsitiri. Basi sitamsitiri.

Kwanza mjue mahali tulipoanzia. Hayo magodoro ya rangi mnayoangukia leo, mnayolalamika kwamba yananuka jasho, sisi tungeyabusu. Sisi tulikwenda kwa maseremala na viroba vitupu, tukaomba maranda ya mbao, tukayamwaga sakafuni na kuyashindilia kwa miguu, kisha tukatandika juu yake turubai kuukuu la lori. Turubai lenyewe alilipata baba bandarini alikokuwa kuli. Lilikuwa limefunika korosho miaka mingi, na ukianguka kifudifudi unavuta harufu ya korosho mpaka njaa inauma. Baba alikuwa mtu wa Lindi, akasema angalau kwa namna hiyo tunanusa kwetu.

Makoti ya judo alitushonea fundi mmoja wa hapa Kariakoo, kwa kitambaa cha marekani alichokikunja mara mbili na kukipiga mistari ya cherehani mpaka kikawa kigumu kama kiroba. La kwanza nililivaa siku mbili, nikalifua, likarudi dogo la mtoto wa chekechea. Mwalimu hakunicheka. Alimwita fundi, akamwambia marekani huloweshwa na kuanikwa kwanza, ndipo hukatwa. Fundi akajibu kwamba yeye kazi yake ni cherehani, kufua ni kazi ya mwenye nguo. Tangu siku hiyo nimeloweka kila kitambaa kabla ya kukipeleka kwa fundi, hata cha sare za harusi, na nawashauri nanyi mfanye hivyo.

Mwalimu wetu aliitwa Chilumba. Alikuwa askari mstaafu, mfupi, mkimya, aliyetembea taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Hakuwa na maneno mengi ya kigeni mnayoyajua nyinyi. Kubwaga alisema kubwaga, kukaba alisema kukaba. Akikuonyesha jambo anakuonyesha mara moja, ukikosea anakutazama tu, na huo mtazamo ulikuwa mbaya kuliko kofi.

Thuwaiba alikuja baadaye. Baba yake, Mzee Salim, alikuwa na duka la vitambaa Mchafukoge, na wao wenyewe walikaa ghorofani juu ya duka. Ni watu wa asili ya Kiarabu, wakubwa zao walitoka Hadhramaut, na katika ukoo mzima hakuna msichana aliyewahi kuvaa suruali hadharani, sembuse kugaragazana na watu. Thuwaiba alituona akitoka shule, akasimama dirishani mpaka tukamaliza. Siku ya pili akasimama tena. Siku ya tatu Mwalimu akamwambia aingie, akasema hawezi mpaka baba akubali, na baba hatakubali.

Mwalimu akaenda mwenyewe dukani. Nilikwenda naye kwa sababu alisema msichana asiombewe na mwanamume peke yake. Tuliketi kwenye benchi, tukaletewa kahawa na haluwa, na Mwalimu akaongea habari za mvua, za bei ya khanga, za jirani aliyekwenda Hija. Niliona haluwa inakwisha na neno la judo halijatajwa. Mwishowe Mzee Salim ndiye aliyeuliza tumekuja kwa lipi. Wakazungumza kwa sauti ya chini. Mzee akatoa masharti: binti yake asishikwe na mkono wa mwanamume, afunike kichwa, afanye mazoezi na msichana mmoja tu, na msichana huyo awe anamrudisha nyumbani mpaka mlangoni. Kisha akanigeukia, akaniuliza, "Wewe ndiye huyo, mwanangu?" Nikaitikia kwamba ni mimi.

Ndivyo nilivyopewa Thuwaiba. Kwa miaka yote iliyofuata mimi ndiye niliyemwangusha na yeye ndiye aliyeniangusha. Nyinyi mnabadilishana wenzenu kila baada ya dakika chache, na ni vizuri, mnajifunza miili mingi. Sisi tulijifunza mwili mmoja. Nilijua akiwa amelala vibaya. Nilijua akiwa amegombana na mama yake. Nikimshika kola tu najua leo atashambulia kwa mguu gani, naye vilevile, kiasi kwamba wakati mwingine tulisimama tumeshikana bila mtu kufanya lolote mpaka Mwalimu anakohoa.

Sasa nifike kwenye shingo. Mwalimu Chilumba alikuwa na zoezi lake ambalo sijaliona kwa mwalimu mwingine yeyote, na nawakataza kulijaribu, maana yeye alikuwa amepiga magoti ubavuni mwetu kila tulipolifanya na hakupepesa macho. Anayekaba alifungwa kitambaa machoni. Anayekabwa alikatazwa kupiga mkono. Mnanielewa? Kupiga mkono ndiyo kinga yenu, na yeye aliiondoa. Alisema mwenye kukaba ndiye mlinzi wa anayekabwa, na mlinzi hangoji kuamshwa. Ilikuwa juu yangu, gizani, kusikiliza mwili wa mwenzangu na kuachia kabla ya madhara. Tuliambiwa kwamba alipokuwa kazini, zamani, mwenzao mmoja alikabwa katika mazoezi na mkono wake ulikuwa umebanwa chini, hakuweza kupiga. Hakusema zaidi ya hapo na hatukumuuliza.

Basi nilisikiliza. Kwanza koo huacha kumeza mate. Halafu vidole vilivyoshika mkono wako hulegea. Halafu shingo inakuwa nzito ghafla, na hapo ukichelewa umechelewa. Mwanzoni niliachia mapema mno, Mwalimu akanitazama. Baadaye nikachelewa mara moja, na mtazamo alionipa siku hiyo sitausahau. Baadaye tena nikaacha kufikiri kabisa. Mikono ilifunguka yenyewe, kama unavyoondoa kidole kwenye sufuria la moto kabla hujajua kwamba umeungua. Thuwaiba alizoea kufumba macho na kutulia mikononi mwangu kama mtu anayesukwa nywele.

Nafasi yenyewe ilikuwa hivi. Palikuwa na mashindano ya kanda katika nchi jirani, na kila uzito ulikuwa na kiti kimoja. Kwa wengine kiti kilikuwa safari na traksuti. Kwangu kilikuwa zaidi. Kulikuwa na taasisi moja yenye timu za michezo, sitaitaja, iliyokuwa ikiwachukua kazini wachezaji waliosafiri na timu ya taifa. Mkubwa wao wa michezo alikuwa amekwisha kumwambia Mwalimu kwamba msichana wa uzito mdogo atakayesafiri ana kazi akirudi. Baba wakati huo alikuwa ameumia mgongo kule bandarini, analala kwa kukaa. Nyumba nzima ilikula kwa vitumbua vya mama. Mama aliposikia habari ya kazi aliwaambia majirani wa chumba cha kushoto na wa chumba cha kulia, nikawa nasalimiwa kama mtu aliyekwisha kuajiriwa.

Na majaribio ya kuchagua timu yakawekwa siku chache baada ya Idi.

Hapa acheni niwape kisa cha kuchekesha, maana yatakayofuata hayachekeshi. Thuwaiba alikuwa amezidi uzito kidogo, nami nilikuwa nimezidi kidogo pia, na Ramadhani ilikuwa inaingia. Tukapiga hesabu zetu za kitoto: mwezi mzima wa kufunga, tutatoka kama njiti. Hakuna haja ya kukimbia, hakuna haja ya kuacha chapati. Ibada na uzito vyote kwa mpigo mmoja.

Kwetu hesabu ilikubali, kwa kuwa futari yetu ilikuwa uji na muhogo, na ukichelewa muhogo umekwisha. Lakini ghorofani kwa kina Thuwaiba kulikuwa na desturi ya kupelekeana sahani. Kila mlango ulipeleka kwa kila mlango. Jua likizama, mezani kwao palikuwa na tambi za nazi za jirani wa juu, sambusa za jirani wa chini, kaimati za shangazi, na bado mama yake mwenyewe alikuwa amepika. Na sahani ya mtu hairudishwi na chakula, ni dharau. Tulikuwa tukipimana uzito kwenye mizani ya magunia katika duka moja la nafaka hapa Kariakoo, ambapo mwenye duka alituuliza kila mara kama anayeuzwa ni mchele au maharage. Ramadhani ikiwa katikati Thuwaiba akapanda mizani, mwenye duka akaongeza jiwe, akaongeza jingine, akasema, "Huyu daraja la kwanza, hana hata pumba." Tulicheka mpaka tukashika magunia. Kisha Thuwaiba akaanza kulia.

Siku za mwisho alijikausha. Alikataa maji. Alijifungia stoo ya duka la baba yake, katikati ya majora ya vitambaa, amevaa nailoni chini ya nguo, akiruka kamba. Siku ya Idi watu walikula pilau na yeye alitafuna barafu na kuitema. Msifanye hivyo. Narudia, msifanye hivyo. Kama uzito unakukataa, panda uzito wa juu yake, ukapigwe huko ukiwa umekunywa maji. Asubuhi ya majaribio alipanda mizani, akapita kwa kubana pumzi, akashuka midomo imepasuka. Nilimpa soda. Akanywa nusu, nyingine akaitapika.

Wasichana wa uzito wetu hawakuwa wengi, na mimi na yeye tuliwabwaga wote waliotujia. Fainali ikawa sisi wawili. Mzee Salim alikuja siku hiyo kwa mara ya kwanza. Alikaa kiti cha mbele na kanzu yake ya Idi, mikono juu ya bakora yake, hatazami kulia wala kushoto.

Tuliinamiana, tukashikana. Nilipogusa koti lake tu nikajua kwamba hana kitu. Ngozi ya mikono ilikuwa kavu, na mtu anayecheza asipotoka jasho amekwisha. Nilimfagia mguu, akaangukia ubavu, nikapata alama. Tukainuka. Nikamvuta tena, akapiga magoti, nikampanda mgongoni na mkono wangu ukaingia chini ya kidevu. Ulikaa pale pale unapokaa siku zote. Nikakaza.

Nilisubiri apige mkono. Kilichokuwa kichwani mwangu ni kazi, na mgongo wa baba. Piga, nilimwambia moyoni, piga tuondoke. Hakupiga. Nikamwona Mzee Salim mbele yangu ameinuka nusu kitini, nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: hawezi kukubali kushindwa mbele ya baba yake. Koo likaacha kumeza. Vidole vikalegea kwenye mkono wa koti langu. Shingo ikawa nzito.

Mikono yangu ikafunguka.

Sikuamua. Nataka mlijue hilo, nisije nikajipa sifa nisiyostahili. Kama ningepewa nafasi ya kuamua sijui ningefanya nini. Mwamuzi alikuwa upande wa migongo yetu, hakuuona uso wa Thuwaiba. Alichokiona ni mimi kuachia, akadhani nimeponyokwa, akaashiria tuendelee. Nilipiga magoti nikainua mkono kumwita aje amwangalie. Ndipo Thuwaiba alipogeuka, akanivuta kola, akanilaza chali na kunilalia kifuani. Na mimi, wanangu, kwa muda niliokuwa nao wa kujiokoa, nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nasema alhamdulillahi, mzima. Nilipokumbuka kwamba tuko mashindanoni mwamuzi alikuwa anamalizia kuhesabu sekunde za kulazwa chali, na alipotusimamisha alinyoosha mkono upande wake.

Mzee Salim alipiga makofi huku amesimama. Alivua kofia akajifutia macho nayo, na sijawahi kumwona akifanya hivyo tena mpaka alipofariki.

Mwalimu nilimkuta nyuma ya ukumbi. Nilikuwa sijawahi kumpandishia sauti mtu aliyenizidi umri, lakini siku hiyo nilimpandishia. Nilimwambia Thuwaiba alikuwa amezimia, nilikuwa nimeshinda, na kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kushindwa. Aliniacha nikamaliza yote.

"Nafasi itakuja tena," akasema. "Shingo haiji tena."

"Na kazi je, Mwalimu?"

Aliangalia chini, na nikaona kwamba kazi ilimuuma kama ilivyoniuma mimi. Alikwenda kuwaeleza wakubwa wa majaribio, wakasema mwamuzi amekwisha kuamua na matokeo hayabadiliki kwa maneno ya aliyeshindwa. Hilo nalo nalielewa, kila aliyeshindwa huwa na maneno.

Nyumbani mama hakusema nami mpaka kesho yake. Baba, pale alipokuwa ameegemea ukuta, aliuliza jambo moja tu, kama mwenzangu ni mzima. Nikasema mzima. Akasema basi, nikamletee maji. Kazi ile nilikuja kusikia kwamba wamempa msichana wa mchezo mwingine. Mimi nilikwenda kukaa na mama kwenye vitumbua, na mgongo wa baba haukupata daktari aliyestahili mpaka mwisho wake. Hayo ndiyo yaliyokuwemo ndani ya mikono ile ilipofunguka.

Kwa Thuwaiba sikusema kitu. Nilijiambia hajui kwamba alizimia, na nikimwambia nitamharibia safari. Nilimsaidia mazoezi mpaka siku ya kuondoka. Nilianguka kwa ajili yake nikiwa na uchungu mpaka kwenye meno, lakini nilianguka vizuri.

Alisafiri, akarudi mapema kuliko tulivyotarajia. Mwalimu alitueleza kwamba alitolewa mpambano wa kwanza. Msichana mmoja mwenye nguvu alimpata kola, na Thuwaiba akapiga mkono kabla hata hajakabwa sawasawa. Mwalimu mwenyewe alishangaa. Mimi nilishangaa zaidi, na kusema kweli nilikasirika, kwa sababu kiti kile kilikuwa changu na yeye amekwenda kukitupa.

Nilimfuata kwao Mchafukoge baada ya alasiri. Alikuwa sebuleni na sinia la mchele mapajani, anachambua. Nikakaa, nikachambua naye kidogo, kisha nikamuuliza kwa nini alipiga mapema vile.

"Yule simjui," akasema.

"Humjui ndio nini?"

"Simjui mkono wake, Somoe. Ningejuaje kama angeniachia?"

Nikacheka. Nikamwambia ajabu, mbona kwangu hakupiga, alitaka kunifia mikononi mbele ya baba yake. Hakucheka. Aliendelea kutafuta mawe kwenye mchele ambao ulikuwa umekwisha kuwa safi.

"Wewe nilijua utaniachia," akasema. Kisha akaliweka sinia chini. "Sikuzimia, shoga. Giza lilikuwa linakuja, wallahi lilikuwa linakuja. Nikaona nikipiga mkono nimekwisha. Nikailegeza shingo, kama tunavyofanya mazoezini. Nilijua mikono yako itafunguka yenyewe."

Nilimuuliza kama habari ya kazi alikuwa anaijua. Akasema alikuwa anaijua, mama yangu alimwambia mama yake. Nikamuuliza ilikuwaje basi. Akasema alitaka baba yake amwone ameshinda, mara moja tu, kisha hata judo yenyewe angeiacha. Alidhani atapata nguvu ya kuniambia kabla ya safari, akashindwa, akadhani ataniambia akiwa huko kwa simu, akashindwa. Alisema yote hayo bila kulia, nami nikashukuru, kwa sababu angelia ningembembeleza.

Niliondoka bila kuaga mtu ndani ya nyumba ile. Nilitembea mpaka Kariakoo nikipigwa mabega na wabeba mizigo bila kusikia. Mama sikumwambia, maana nilijua ataniambia kikulacho ki nguoni mwako, na sikutaka Thuwaiba aitwe hivyo hata na mama. Nilimchukia, nawaambia wazi. Na katikati ya kumchukia nikawa nakumbuka kwamba hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuniwekea uhai wake mkononi akiwa na hakika namna ile. Alinijua kuliko nilivyojijua. Aliniamini mpaka mwisho kabisa wa kuamini, na imani hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia kunichukulia riziki. Mnaniuliza kila mara judo ni nini. Mimi nimecheza maisha yangu yote na sijui hata leo kama siku ile niliheshimiwa au niliibiwa.

Nilidhani sitarudi ukumbini. Nilirudi, kwa sababu hakukuwa na msichana mwingine wa kucheza naye, yeye wala mimi. Tulikutana kwenye turubai bila kusalimiana vizuri. Mwalimu hakuuliza, alituambia tu tuendelee na shingo, bila vitambaa machoni, akaenda kuwasimamia wengine. Thuwaiba akanipa mgongo, akapiga magoti. Nikapitisha mkono chini ya kidevu chake. Akafumba macho, akatulia, mikono yake miwili ameilaza mapajani, kama siku zote.

Sikukaza.

"Kuanzia leo utapiga mkono," nikamwambia sikioni.

Akataka kugeuka, nikamzuia. Akasema Mwalimu alikataza.

"Mwalimu hayumo katika hili. Utanipigia kama ulivyompigia yule usiyemjua."

Nilihisi koo lake likimeza mate, mara moja, na tena. Halafu nikaanza kubana, taratibu sana, na mkono wake ukainuka kutoka pajani ukapiga turubai. Nilikuwa sijafika hata nusu.

Niliachia. Tulicheza pamoja miaka mingi baada ya hapo. Alisafiri tena, nami nilisafiri kwa zamu zangu, tukaolewa, tukazaa, tukarudi, tukacheza mpaka miili ikachoka. Kila nilipomfikia shingoni alipiga mapema, kabla sijakaza, na kila mara niliachia. Hakuwahi kusahau hata siku moja. Mimi ndiye niliyemkataza kuniamini, akatii, na sijaaminiwa vile tena na mtu yeyote.